Yule Baba wa Feri

Likoni, Alhamisi baada ya alasiri

Mwanangu Zuhura,

Salamu sizitii humu. Kesho utazipata kwa mdomo wangu mwenyewe, na ukisoma hadi mwisho utajua kwa nini nimeziweka akiba. Umekwenda Mtongwe na mama yako kuwaaga bibi zako, nyumba imetulia, nami nimeketi barazani na karatasi hizi juu ya goti. Mambo ya sanduku, ya sweta, ya baridi ya Nairobi na ya kutokula kwa watu usiowajua, mama yako ameshayasema, na nina hakika atayasema tena usiku na tena kesho stesheni. Mimi sina la kuongeza hapo.

Nataka kukuandikia juu ya njia ya kurudi nyumbani kutoka kazini. Najua utasema, hilo nalo la kuandikiwa barua? Lakini utakuwa kwa shangazi yako Pumwani, na kila asubuhi utapanda basi kwenda mjini kuunganisha simu za watu, na kila jioni utapanda basi kurudi. Kazi watakufunza. Kwenda kutajifunza kwenyewe, kwa sababu ya kuogopa kuchelewa. Kurudi hakuna akufunzaye, na mimi nilikukosea hapo, tena kwa namna ambayo hujaijua hata leo. Sitaki uende nayo bila kuijua.

Mimi nilizaliwa Siu, katika kisiwa cha Pate, na wewe Siu hujaiona ila katika maneno yangu, ambayo mama yako asema nayatia chumvi. Babu yako alikuwa mshona makubadhi. Alishonea barazani mbele ya mlango, na bibi yako akimwita chakulani, aliweka sindano juu ya ngozi, akanyanyuka, akaingia. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yake ya kutoka kazini, kizingiti kimoja. Kama mteja amemuudhi, bibi yako alikwisha kusikia yote kutoka ndani na ameshamcheka. Nilipoondoka na ami yangu kuja kusoma Mombasa, kijana sijaota ndevu, nilichukua mengi kutoka kwetu ambayo bado ninayo. Nachanganya maneno yao na ya hapa, na nikiota ndoto naziota huko. Lakini namna ya kurudi nyumbani kutoka mbali sikuja nayo, maana kwetu haikuwepo.

Kazi yangu waijua kwa jina. Sijui kama waijua kwa ladha yake. Mkalimani wa kortini hana ruhusa ya kusema “huyu asema”. Mshitakiwa akisema “mimi sikumpiga”, nami humgeukia hakimu nikasema kwa Kizungu, mimi sikumpiga. Akija shahidi akasema alipigwa, basi ni mimi niliyepigwa. Katika asubuhi moja nimekuwa mwizi wa mabati, na mwenye mabati, na askari aliyeyakuta mabati yale chini ya kitanda. Nimesema uongo wa watu, na nimeusema vizuri, kwa sababu mkalimani akisitasita atakuwa ametoa hukumu kabla ya hakimu. Ikifika jioni neno “mimi” limevaliwa na watu wengi hata nikilitaka kwa haja yangu nalikuta limelegea kama fulana ya kuazimwa.

Halafu ndipo inapoanza safari. Basi hadi kivukoni, kungoja feri, kuvuka, kisha miguu hadi hapa. Kuvuka si kitu, hata kahawa haiwahi kupoa. Kungoja ndiko kazi, na kungoja kwenyewe ni katikati ya watu wanijuao. Wewe wajua huku kwetu mtu hampiti mwenziwe kimya. Atakuuliza hali, atauliza ya watoto, ya mama watoto, ya mguu uliokuwa ukikuuma mfungo sita. Nami juu ya hayo nilikuwa na balaa langu peke yangu, kwamba kila mtu ajua nafanya kazi kortini. Unamkumbuka Athumani wa duka la mkaa. Alikuwa na kesi na shemeji yake juu ya minazi minne. Ardhi ni ya shemeji, minazi alipanda baba yake Athumani, na kila mmoja alikuwa akikwea usiku kuangua.

“Masalkheri, Bwana Omari.”

“Masalkheri.”

“U hali gani?”

“Salama.”

“Watoto?”

“Salama.”

“Alhamdulillahi. Sasa ile minazi yangu, hakimu akitaka kujua nani aliyeipanda, mimi niseme nini?”

Kila siku. Na nyuma ya Athumani yuko mwingine mwenye talaka, na nyuma yake mwenye mwana aliyekamatwa na pombe. Nilifanya niliyoweza. Nilijaribu kulala, nikajiinamia kwenye benchi, na wallahi nililala kweli. Feri ikafika Likoni, watu wakashuka, ikajaa, ikarudi kisiwani Mombasa, ikajaa tena. Yule afungaye kamba akaja kunitikisa bega. “Mzee, hii mara ya tatu waenda Likoni. Hutaki kushuka, au huko nyumbani pana vita?” Nikajaribu gazeti. Nimelifungua tu, watu wakanizunguka: “Tusomee, Bwana Omari, wasemaje?” Nikajikuta nimesimama katikati ya feri nafasiri habari za Nairobi, kazi ileile, ila huku sina mshahara.

Ndipo nikaipata tasbihi. Jirani alinitunukia alipotoka kuhiji, ya mbegu za zeituni, nami nilikuwa naichukua mfukoni kama mtu achukuavyo leso. Jioni moja nilikuwa nayo mkononi, naichezea tu, nikamwona Athumani anakuja na minazi yake usoni. Alipoiona tasbihi akasita. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akageuka kumtafuta mtu mwingine wa kumsumbua.

Zuhura, sikuamini. Siku ya pili nilifanya kwa kusudi. Niliketi, nikainamisha macho, nikaanza kusukuma mbegu moja moja na kutikisa midomo. Hakuna aliyenigusa. Siku ya tatu wakanipisha mahali pa kukaa. Haikupita muda wakaacha kuniita Bwana Omari, wakawa wananiita Mwalimu. Vijana wa bandarini wakicheka kwa sauti, mtu mzima huwaambia, “Polepole nyinyi, Mwalimu yuko katika uradi wake.”

Na mimi sikuwa katika uradi wowote. Nikwambie midomo ilikuwa ikifanya nini? Ilikuwa ikibishana na wakili. Kulikuwa na wakili mmoja aliyependa kunisahihisha mbele ya hakimu, kunifunza Kiswahili mimi, na kortini sina idhini ya kumjibu. Basi nilimjibu ferini. Kila mbegu, jibu. Nilimshinda kila jioni kutoka ng’ambo hadi ng’ambo, na kila jioni nilishuka pale nimechoka kuliko nilivyopanda. Watu wanatazama uso ulioinama, wanadhani ni amani. Ilikuwa kesi ile ile, imehamia majini.

Yuko pia Bi Mejumaa, ambaye humjui vizuri, yule Mdigo mnene auzaye nazi Marikiti na kurudi na kapu tupu. Mjukuu wake aliugua homa kwa siku nyingi. Akanijia akapiga magoti kando yangu, hakunisemesha kwa sauti, akasema tu, “Mwalimu, ukifika mwisho, mtie na mjukuu wangu duani.” Nikaitikia kwa kichwa. Nikarudi kwa wakili wangu. Siku zile zote aliniomba, na siku zile zote niliitikia kwa kichwa. Mtoto akapona, Mungu alimponya bila ya msaada wangu. Bi Mejumaa akaniletea nazi, nzuri, zimekauka vizuri, nami nikazileta hapa, mama yako akapika samaki wa kupaka, tukala. Uliomba ukoko wa wali. Nakumbuka kwa sababu mimi ndimi niliyekwambia hakuna, hali upo.

Sasa nafika kwako. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukinipokea mlangoni na kopo la maji ya kuosha miguu. Ulikuwa unanimiminia huku unauliza maswali, na mengi yalikuwa maswali mazuri. Kwa nini feri haina nyuma. Kwa nini hakimu havai kanzu. Na mimi kila nikifika nyumbani nilikuwa nimebeba kile kilichobaki baada ya korti na wakili wa feri kugawana. Sikukupiga, sikukutukana. Nilikuwa nikisema, “Nyamaza kidogo, mama.” Kila siku, kwa upole huohuo. Basi ukanyamaza. Halafu ikawa nikifika nakuta kopo limewekwa mlangoni, limejaa, na hakuna mtu kando yake. Nikaosha miguu. Wallahi sikuona kilichopungua. Niliona maji yapo.

Kisha ikaja siku ile ulipokwenda kisiwani na khalati yako, nduguye mama yako, kumtazama mgonjwa, mkarudi na feri ya jioni. Mimi sikukuoneni. Mlikuwa upande wa wanawake. Usiku, baada ya kula, mama yako akaniambia, naye alikuwa akikunja nguo, hakunitazama.

“Baba Zuhura, leo mwanao kakuona ferini.”

“Mbona hakuja?”

“Asema ulikuwa unasoma uradi. Kaogopa kukukatiza.”

Akakunja nguo nyingine.

“Kaniuliza neno.”

“Neno gani?”

“Asema watu wote walikuwa wakikuamkia, na wewe uso wako umetulia, hata nusura asikujue. Kaniuliza, ‘Mama, yule baba wa feri, mbona haji nyumbani?’”

Alichukua zile nguo akaziweka kabatini. Nilitaka kumwambia kwamba hapakuwa na baba wa feri, na sikuweza, kwa sababu kwanza ningemweleza juu ya wakili, na juu ya nazi. Ukuta nilioujenga ili Athumani asinifikie, aliyekuja akasimama nje yake na mkono kifuani ni wewe.

Hili ndilo ninalotaka ulijue kabla hujaondoka. Kwa miaka hii yote umekuwa ukidhani baba yako alikuwa na utulivu, akawapa watu wa feri, akakunyima wewe. Sivyo. Sikuwa nao. Ningalikuwa nao ningalikuletea, hata kama ni kidogo, hata kama ni wa kufungwa kwenye kipande cha gazeti kama bajia. Uso ule ulioupenda ulikuwa ni mlango uliofungwa, umepakwa rangi nzuri.

Siku ya pili niliiacha tasbihi nyumbani. Niliona aibu kuishika, hata msikitini nilihesabia vidole. Bi Mejumaa aliponiona mikono mitupu akauliza kama naumwa. Nikaketi kando ya kapu lake nikamwambia, “Bi Mejumaa, mimi sikuwa nikisoma.”

“Ulikuwa ukifanya nini?”

“Nilikuwa nimejificha.”

Alinitazama, kisha akacheka hadi kilemba kikamlegea. “Mwanamume mzima, mrefu kama mnazi, wajificha nyuma ya tasbihi? Ungalikuja nyuma ya kapu langu. Kubwa, na halitiwi dhambi.”

“Na mjukuu wako sikumwombea.”

Hapo hakucheka. Alifikiri kidogo. “Nazi umekula?”

“Nimekula.”

“Basi msomee sasa. Keshapona, lakini haidhuru.”

Nikamsomea Fatiha, pale pale, kwa sauti ya kusikika na yeye, neno baada ya neno. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusoma kweli ndani ya feri ile. Ilipokwisha tulikuwa bado hatujafika katikati ya maji. Nikashangaa jinsi safari ilivyo ndefu mtu asipobishana.

Athumani naye alikuwa keshaniona. Akaja mbio. “Mwalimu, leo umemaliza mapema? Alhamdulillahi. Sasa ile minazi…”

“Athumani,” nikamwambia, “minazi njoo nayo asubuhi, nitakusikiliza kutoka hapa hadi ng’ambo. Saa hii niulize hali yangu.”

“Hali yako?”

“Ndiyo.”

“Si nimekuuliza? Nakuuliza kila siku.”

“Niulize, kisha ungoje jibu.”

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa ashike ncha ya kitu asichokijua. “Haya. U hali gani, Bwana Omari?”

Nikataka kusema salama. Neno lilikuwa tayari ulimini. Nikasema, “Nimechoka.”

“Umechoka?”

“Nimechoka, Athumani. Nimesema maneno ya watu tangu asubuhi.”

Akasema, “Hata mimi nimechoka. Mkaa huu wanila mapafu.” Akaja akaegemea chuma kando yangu, tukatazama maji, hakuna aliyesema tena hadi feri ilipogusa. Na mimi niliposhuka miguu ilikuwa miepesi, nikadhani ni upepo. Ilinichukua siku nyingi kuelewa. Tangu asubuhi ile nilikuwa nimesema “mimi” mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, na ile ya Athumani ndiyo ya kwanza iliyokuwa yangu. Zile salamu nilizokuwa nikizikimbia ndizo peke yake katika siku nzima zilizokuwa zikiniuliza mimi.

Usidhani niligeuka malaika. Ziko jioni nyingi wakili alivuka nami hadi huku, na mara nyingine ameingia ndani, amekula. Nilichofanya ni vitu vidogo. Niliacha kushuka na wa kwanza. Feri ikifika wote husukumana, baiskeli na vikapu na magari, nami nilikuwa nasukumana nao ili nifike upesi kwenye nyumba ambayo sikuwa na kitu cha kuiletea. Nikaanza kubaki nyuma hadi mteremko ubaki mtupu, nikapanda kwa mwendo wa mapafu yangu. Atakayenisalimu njiani namjibu kweli, namwuliza na yake. Nikifika, siingii. Nakaa kwanza hapa barazani nilipokaa sasa, mahali pa babu yako pa kushonea kama tungalikuwa kwetu, hadi nijue mlangoni ataingia nani.

Nilikaa hivyo jioni nyingi, na kopo lilikuwa likinisubiri peke yake. Kisha jioni moja ukafungua mlango, ukaliokota lile kopo, ukasimama nalo. Nami niliogopa kusema, nikahofia utaingia ndani. Mwisho wewe ndiwe uliyeuliza.

“Baba, u hali gani?”

Nikakwambia, “Leo nilikuwa mtu aliyeibiwa mbuzi, na karibu niwe mbuzi mwenyewe. Sasa ndimi.”

Ukacheka, ukamimina maji. Maji mengi yalikwenda chini, kwa sababu ulikuwa ukinitazama usoni badala ya miguuni.

Huko uendako utakaa na sauti za watu masikioni kutwa nzima. Watakukemea watu usiowaona, kwa kuchelewa kusikokuwa kwako, na wewe utajibu kwa adabu kwa sababu ndiyo kazi. Nami najua kwa nani umezaliwa. Utawajibu kwenye basi. Ukijikuta midomo yatikisika, icheke, ujue huyo ni baba yako. Huenda ukatamani kitabu cha kujifichia, na wewe wapenda vitabu, mimi ndimi niliyekutia. Kisome kama unakitaka. Ukikishika ili usisalimiwe, utakijua uzito wake jioni. Watu wa huko nasikia hupitana kimya, pengine ni kwa haraka tu. Lakini ndani ya basi daima atakuwamo mmoja atakayekuuliza habari. Akikuuliza, mwambie. Si lazima liwe jambo kubwa. Sikio lauma, yatosha.

Na kwa shangazi yako yuko Swaleh, bado mdogo, naye amekwisha kuambiwa kwamba dada yake kutoka Mombasa anakuja. Atakuwa akikungoja mlangoni na maswali. Usiingie ukiwa kumbi tupu la nazi. Zunguka nyumba mara moja kama ni lazima, shangazi yako atakusema, mwache akuseme.

Nasikia sauti ya mama yako huko njiani, anamwamkia kila mwenye mlango, kwa hiyo bado nina muda kidogo.

Kesho tutavuka sote watatu kwenda kulipata gari la moshi. Ferini siku hizi ni mabishano matupu ya siasa, Mwambao na Majimbo na bendera ipi, lakini kesho watanyamaza kidogo kwa ajili yako. Athumani atakuwepo. Ile minazi walikwisha kugawana, miwili miwili, na sasa wanagombania kisima. Bi Mejumaa atakuwepo na kapu. Watakuuliza hali yako mmoja mmoja, na hakuna atakayeharakisha. Usiwajibu salama. Ngoja, kisha jibu.

Nami nitakuwa kando yako, mikono mitupu. Ile salamu niliyokuwekea nitakupa katikati ya maji, na wewe utaniuliza yangu, na sitakuficha jibu. Unitazame vizuri usoni wakati huo. Huenda usiupende sana, hautakuwa umetulia kama ule uliouona siku ile na khalati yako. Lakini ndio huo uliokuwa ukija nyumbani, na sina mwingine.

Baba yako,
Omari